Kilo Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kuwauliza watu wazima uzito wao, na wao hunidanganya. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokodi ndege kwenda kusini kufuata korosho hujipunguzia kilo kumi. Wake zao hujipunguzia kumi na tano. Nimewahi kumpata bwana mmoja ambaye tumbo lilimtangulia mlangoni, akaniambia ana kilo sabini, tena bila kupepesa macho, na nilipomwomba nimpime akasema yeye si gunia. Kampuni yetu ni ndogo, ina ndege mbili tu, na ofisi ni vyumba viwili ghorofa ya pili Mchafukoge, juu ya duka la taa za urembo. Mteja akishamaliza kupanda zile ngazi, huwa amechoka na hataki kuulizwa habari za mwili wake.

Zamani nilikuwa nacheka nao. Sasa sicheki sana, na sababu yake ni siku moja ambayo nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimeisimulia nusu. Ni siku tuliyompeleka mama kuzikwa Tunduru. Kaka yangu mkubwa, aliyeikodi ndege, mwenye haki kuliko sisi sote ya kumteremsha mama kaburini, aliachwa uwanjani Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyemwacha.

Lazima kwanza nieleze jambo ambalo abiria hawapendi kulisikia. Watu wakiona ndege ina injini mbili wanajisemea moyoni kwamba ikizima moja ipo nyingine. Ipo, ndiyo. Lakini ndege ndogo ya kukodi ikipoteza injini moja haibaki na nusu ya uwezo wake wa kupanda juu. Nguvu karibu yote ya ile injini nzima inaishia kuishikilia ndege isishuke, na ile iliyokufa inageuka mzigo unaovuta upande mmoja. Kinachobaki cha kupandia ni kidogo mno, na siku ya joto, ndege ikiwa imejaa, hakibaki kitu. Unakwenda mbele, injini inanguruma mpaka basi, na mabati ya nyumba za watu yanakusogelea taratibu. Upepo wa kaskazi ukivuma, ndege zetu huruka kuelekea mjini. Mbele ya barabara ya kurukia kuna Vingunguti, halafu Buguruni na soko lake, halafu Ilala na Kariakoo. Hakuna mahali pa kutua, kuna watu tu.

Kwa hiyo kitabu cha kampuni kinatukataza kuruka na uzito ambao injini moja peke yake haiwezi kuupandisha kwa joto la saa ileile. Kiwanda nacho kimeandika uzito wa juu kabisa wa ndege, lakini huo ni mwingine na ni mkubwa zaidi, na marubani wengi wenye haraka huutazama huo tu. Wa kwetu unasomwa kwenye karatasi yenye mistari iliyopinda. Unatafuta joto la siku, unapandisha penseli hadi kwenye mstari, unakwenda kushoto, unapata kilo. Joto likiongezeka digrii chache, kilo zinapungua, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na haibebi. Mwenye hiyo penseli ni mimi. Ndege haitoki bila sahihi yangu, na nilikuwa najivunia jambo hilo.

Mama alifariki hospitalini alfajiri, mwezi wa pili, baada ya kuugua miezi saba. Alikuwa ameishi Kariakoo zaidi ya miaka arobaini lakini hakuacha kusema "kwetu" akimaanisha Tunduru, na alikuwa ameusia azikwe pembeni ya baba. Ustadhi wa mtaani kwetu aliguna kidogo, akasema maiti huzikwa alipofia na si vizuri kumhangaisha. Kaka akamjibu kwa upole kwamba wosia ni wosia. Kwa barabara ingekuwa safari ya siku nzima, na kaka hakutaka mama alale juu ya ardhi. Akanipigia simu.

Huyu kaka ndiye aliyetulea. Baba alipokufa yeye alikuwa na meza moja ya vitambaa vya mapazia kando ya Mtaa wa Msimbazi, na kutoka kwenye meza ile akanisomesha mimi na dada yetu, akanilipia hata mafunzo ya kazi hii. Leo ana duka. Ni mtu mnene, mpole, mwenye mkono wazi, anayetoa jasho hata akiwa amekaa. Mama alipokuwa kitandani alimwambia mara nyingi, nami nikisikia, "Wewe ndiye utakayenilaza." Kwetu mtoto wa kiume mkubwa hushuka kaburini na kumpokea mzazi upande wa kichwa. Kaka alikuwa akiitikia, "Inshallah mama," na kumpangusa midomo. Wakati huo mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na matunda ambayo mama hakuweza tena kuyala.

Nilipopokea simu yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapiga hesabu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndege ipo?"

"Ipo. Tukiruka saa tatu, kabla ya saa sita tuko Tunduru."

"Saa tatu haiwezekani, mdogo wangu. Mama atoke nyumbani kwake. Aoshwe pale, majirani wamuage, halafu asaliwe adhuhuri, msikiti ujae. Mtu kakaa mtaa mmoja maisha yake yote, leo aondoke kama kafukuzwa?"

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia, kaka, saa tatu ndege inatubeba sote, mimi, wewe, dada na mama mdogo, na mchele wa matanga juu yake. Saa nane mchana haitubebi. Ilikuwa sentensi moja. Lakini alikuwa analia, na mimi sijawahi kumkatalia kaka neno, na niliona haya kuanza habari za digrii wakati mama hajapoa. Nikasema, "Sawa kaka." Saa nne, watu wakiwa wamejaa barazani, nilijificha uani na kurudia hesabu kwa joto la saa nane. Ilikuwa lazima mtu mmoja abaki. Nikaikunja karatasi na kuitia mfukoni, nikaanza kuombea mawingu.

Mawingu hayakuja. Vilivyokuja ni mizigo. Tulikuwa tumemwomba fundi wa Buguruni sanduku la bodi nyepesi la kumsafirishia mama, naye akaleta sanduku la mninga. Alikuwa akimwita mama "bi mkubwa", na aliona bodi ni dharau. Hakutaka hata asante. Wanaume sita walilibeba likiwa tupu, wakapumzika njiani. Halafu majirani wakaleta mchele, sukari, ndoo za mafuta ya kupikia, mikeka na maji, ili wafiwa wa kule wasipate taabu. Kila mtu alikuwa anamheshimu mama, na kila heshima ilikuwa na uzito wake. Nilisimama pale napokea, nasema Mungu awalipe, na kichwani nahesabu.

Tulifika uwanjani saa saba na nusu. Rubani wetu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa amesimama kwenye kivuli cha bawa. Akatupa pole, akampa mama mdogo mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akanivuta pembeni. "Thelathini na tatu," akasema. Alikuwa anasoma joto.

Tukaanza kupima. Kwanza niliteremsha vyakula vyote, na hakuna aliyelalamika. Halafu tukampima mama. Sikuwa nimewahi kufikiria hilo, ingawa maiti za wengine nimezipima nyingi na nikaenda kula chakula cha mchana. Tuliliweka sanduku juu ya mzani wa mizigo, dada akageuka akatazama uzio, na mimi nikainama nikaandika namba. Mkono wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nilijichukia kwa sababu haukutetemeka. Halafu tukapanda sisi mmoja mmoja. Kaka kilo mia moja na kumi na mbili. Mimi sitini na tatu. Dada hamsini na tano. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyebaki peke yake katika tumbo lile, kilo arobaini na sita pamoja na baibui.

Nilijumlisha mara tatu. Uzito ulizidi kilo arobaini na moja.

Mafuta hatukuweza kupunguza, kwa kuwa Tunduru hakuna ya kuuziwa na ndege ilihitaji ya kurudia. Kusubiri jua lipoe hatukuweza pia, kiwanja cha kule hakina taa na giza likiingia hakuna kutua. Na maiti haipandi ndege bila sanduku, wala sanduku jepesi lisingepatikana saa ile. Rubani aliitazama karatasi, akaitazama tena, akanirudishia.

"Ashuke mtu mmoja," akasema. "Nani, hilo lenu. Nawapa dakika tano."

Akaenda zake upande wa pili wa ndege, akajifanya anakagua tairi.

Yeyote kati yetu wanne angetosha. Naomba msomaji asome tena hizo namba kama nilivyozisoma mimi pale juani. Hata mama mdogo angetosha. Mimi ningetosha na kilo ishirini na mbili zikabaki. Jibu la haki lilikuwa limesimama ndani ya viatu vyangu, nikalijua mara moja.

Nitasema kilichokuwa moyoni, kwa kuwa sina pa kukificha tena. Baba alipozikwa, mimi sikwenda. Nilikuwa na mtihani, na kaka aliamua nibaki Dar nifanye mtihani. Alisema baba angependa hivyo. Alikuwa na haki, nilifaulu, na kila nilichonacho leo kimetoka kwenye mtihani ule. Nimemshukuru maisha yangu yote na nimemkasirikia maisha yangu yote, na sikujua kwamba ile hasira ilikuwa bado nzima mpaka nilipokuwa na penseli mkononi na yeye anasubiri nimwambie.

"Hesabu inasemaje?" kaka akauliza. Alikuwa anajipangusa shingo kwa kitambaa.

"Uzito umezidi, kaka," nikasema. "Inabidi ushuke wewe."

Mtu mnene akiambiwa uzito umezidi haulizi umezidi kiasi gani. Nilijua hilo kwa uzoefu wa kazi. Nilimwona akijitazama tumbo, akashusha macho haraka, akaibana kanzu yake kwa mikono kama mtu anayetaka kuchukua nafasi ndogo. Mama mdogo akapiga ukelele.

"Mkubwa abaki? Mkubwa? Nishusheni mimi! Mimi kikongwe, nitafanya nini kaburini, hata hamtaniruhusu nisogee!"

"Hutoshi, mama mdogo," nikamwambia. "Wewe mwepesi."

Huo ulikuwa uongo wa wazi, tena kwa mzee, tena mbele ya maiti ya dada yake. Ulitoka bila shida yoyote. Na hakuna aliyesema, basi wewe je. Walinizoea nikiwa na kitambulisho shingoni na karatasi mkononi. Nadhani waliniona mimi kama sehemu ya ndege.

Kaka akamshika mama mdogo bega. "Basi, mama mdogo. Ni hesabu, huyu ndiyo kazi yake. Akivunja sheria leo kwa sababu ya undugu, kesho ataua watu." Halafu akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia, ile sauti ya dukani anayomwelekezea mtu jinsi ya kupima dirisha. "Kichwani ushike wewe. Usimwachie mtu. Mkishamlaza kwa ubavu, fundo la kichwani lifungue kwanza, taratibu, usimtingishe. Shavu liguse udongo. Umesikia?"

"Nimesikia kaka."

"Na umwambie," akasema, halafu akashindwa kumalizia. Akaenda kusimama kwenye uzio kando ya magunia ya mchele.

Nikatia sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi, kila mstari.

Injini zote mbili ziliwaka kwa jaribio la kwanza. Tulikimbia, tukainuka, na chini yetu ikapita Vingunguti, mabati yake yanawaka jua, na nikaona barabara ya Buguruni imejaa magari. Nilikaa nyuma ya rubani, mkono wangu umelala juu ya mninga. Masikio yangu yalikuwa kwenye injini. Nilitamani, Mungu anisamehe, moja ikohoe. Siyo izime, ikohoe tu, ifanye sekunde chache za hofu, ili nishuke Tunduru nikiwa na haki. Dada yangu na mama mdogo walikuwa humo ndani na bado nilitamani. Hazikukohoa. Ziliimba pamoja mpaka tulipotua, na sijawahi kusikia injini nzuri kuliko zile.

Wanaume wa ukoo walipokuja kupokea sanduku, rubani alikuwa anaifunga ndege ardhini kwa kamba za mabawa, ilale pale. Nikaenda kumshukuru. Hakuinua uso.

"Nilidhani utabaki wewe," akasema.

Nikangoja aendelee. Alivuta fundo, akalijaribu, akahamia bawa la pili. Tunafanya kazi pamoja mpaka leo, tunaulizana hali, tunagawana karanga, na hajawahi kulirudia neno lile. Wakati mwingine nikimpelekea karatasi ya uzito huisoma polepole kuliko zamani, au ni mimi ninayeona hivyo.

Mama alizikwa baada ya alasiri. Tuliteremka watatu, mimi na watoto wawili wa mjomba, na juu yetu watu walitanda shuka kumsitiri. Nilishika kichwa. Alikuwa mwepesi kuliko namba niliyoiandika, kwa sababu sanduku lilikuwa limebaki juu. Tulimlaza ndani ya mwanandani kwa ubavu wa kulia, nikafungua fundo la kichwani taratibu, nikalisogeza shavu lake likagusa udongo. Nilikuwa nimeitaka nafasi ile kiasi cha kuiiba, na nilipoipata sikuhisi chochote isipokuwa kwamba mikono haikuwa yangu. Juu kuna mtu aliuliza, "Mkubwa yuko wapi?" Mwingine akamjibu kwamba ndege imemshindwa. Watu wakasikitika. Sauti moja ikasema ndege hizi ndogo ni balaa.

Kaka alifika kesho yake adhuhuri. Alikuwa amesafiri kwa gari la kukodi usiku kucha na mchele wote akauleta, hata kilo moja hakuacha. Alipita moja kwa moja makaburini, kanzu ileile ya jana, miguu imevimba. Alichuchumaa kwa taabu, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Alilala vizuri?"

"Vizuri."

"Ulishika kichwa?"

"Nilishika."

"Ahsante, mdogo wangu," akasema, na akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, duka zima la Msimbazi linamwita bosi. Nilichuchumaa pembeni yake, nami nikalia. Watu walituona ndugu wawili wanaopendana. Na tunapendana, hilo si uongo.

Siku ya khitma, tukiwa tumekaa mkekani, ndipo aliponiuliza. "Hivi siku ile ilizidi ngapi?"

Nilikuwa nimechoka na nafsi yangu. Nikasema kweli. "Arobaini na moja."

Nilimtazama usoni nikingoja. Kaka si mjinga wa hesabu, anapima mapazia ya nyumba nzima kwa macho. Nilijua sasa atanitazama mimi, ataniona nilivyo, mtu wa kilo sitini na tatu, na mambo yatakwisha. Badala yake alijitazama tumbo. Midomo yake ikatembea kidogo. Alikuwa anapiga hesabu ya kutoa. Niliiona akili yake ilipoelekea, na nikaiacha iende.

Tuliporudi Dar ndugu walinisema sana. Shangazi mmoja alitamka kwenye kikao kwamba mimi nina moyo wa mashine. Kaka alisimama, na yeye hasimamagi, akasema asisikie mtu ananilaumu, kwamba mdogo wake hakumwonea haya na ndivyo kazi inavyotakiwa. Mpaka leo akipata mteja anayelalamikia vipimo dukani humpa hadithi yangu. "Mimi mwenyewe mdogo wangu kanishusha kwenye ndege," humwambia, "na mama yangu yumo ndani." Huisema kwa fahari. Nimewahi kuisikia nikiwa nimesimama nyuma ya marobota, nikatoka kimyakimya.

Muda si mrefu akaanza kupungua. Kwanza aliacha chapati, halafu wali wa usiku, halafu soda. Akawa anatoka baada ya sala ya alfajiri, anatembea hadi Jangwani na kurudi, na taulo shingoni. Tulifurahi. Shemeji alisema afadhali, presha itashuka. Lakini hakusimama pale ambapo mtu hustahili kusimama. Mashavu yakaingia ndani, mashati yakawa yanamning'inia, na watu wa Msimbazi wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama kaka anaumwa. Nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe, nikidhani ni sukari. Daktari hakuona kitu. Alimwambia ale. Kaka akaitikia kwa adabu na hakula.

Mwezi uliopita nilipita dukani kwake mchana. Alikuwa ameketi kati ya vitambaa, kanzu imemmeza, mifupa ya mabega inaonekana. Aliponiona alisimama wima, jambo ambalo zamani lilikuwa na kazi kubwa, akatabasamu kama aliyepata habari njema.

"Leo zahanati wamenipima," akasema.

"Ngapi?"

"Sabini na moja."

Sikuhitaji penseli. Mia moja na kumi na mbili, toa arobaini na moja. Alikuwa ameibeba hesabu ile siku zote hizo, anaitoa mwilini mwake kidogo kidogo, na amefika.

"Siku ile ningekuwa hivi," kaka akasema, "tungeenda wote. Si ndiyo?"

Alikuwa ananitazama mimi mwenye kazi yangu, anataka kuthibitishiwa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, kama ile asubuhi, na safari hii hakuwa analia na hapakuwa na maiti ya kuonea haya. Nilifungua mdomo.

"Ndiyo kaka," nikasema. "Tungeenda wote."

Akashusha pumzi. Akasogeza vitambaa ili nipate pa kukaa, akaniuliza kama nimekula.